Je, Hadithi za Kubuni Zamfaa Mwanafunzi wa Sayansi?



Muhula uliopita Chama chetu cha Majadiliano kilipewa hoja hii: "Hadithi za kubuni zampotezea mwanafunzi wa sayansi wakati wake." Hoja ilipita kwa kura nyingi. Waliokubali walisema kwamba mtihani hauulizi habari za watu wa Mirihi, na kwamba kijana mwenye Fizikia, Kemia na Hesabu hana saa ya kutupa. Neno hili si dogo kwetu. Wengi wetu wa kidato cha tano na cha sita wamekwisha kuacha kusoma kitu chochote kisichotakiwa na mtihani, na vijana wa kidato cha kwanza wanatufuata nyuma. Kwa hiyo nimeomba nafasi katika gazeti letu ili tulichunguze jambo hili polepole, kwa mfano mmoja tu ulio wazi, yaani safari ya kwenda mwezini.

Hadithi ninazosema hapa si zile za majini wala za Sungura na Fisi. Katika hadithi za namna hii mwandishi hushika jambo ambalo elimu imekwisha kulijua, hulisukuma mbele kidogo kupita mahali lilipofika, kisha huuliza: Ikiwa hivi ndivyo, itakuwaje? Hizi ndizo ziitwazo hadithi za kubuni za kisayansi.

MZINGA WA JULES VERNE

Jules Verne alikuwa Mfaransa, aliyezaliwa mwaka 1828 katika mji wa Nantes. Mwaka 1865 alitoa kitabu juu ya safari ya kutoka duniani mpaka mwezini. Katika hadithi hiyo, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vimekwisha, na chama cha mafundi wa mizinga kinakaa bila kazi. Mkuu wao analeta shauri la ajabu: wafue mzinga mmoja mkubwa kupita yote, waupige mwezi. Mzinga unachimbiwa ardhini katika nchi ya Florida, urefu wake futi 900. Ndani ya tufe lake wanaingia watu watatu. Katika kitabu cha pili, kilichofuata baada ya miaka michache, watu hao wanauzunguka mwezi, wanarudi, na kuanguka katika Bahari ya Pasifiki, ambako meli inawaokoa.

Sasa tutazame yaliyotokea kweli. Tarehe 16 Julai 1969 watu watatu waliondoka Florida katika chombo Apollo 11. Tarehe 20 wawili kati yao walishuka mwezini. Tarehe 24 wote watatu walirudi na kuangukia Bahari ya Pasifiki, ambako meli iliwangojea. Chombo chao kiliitwa Columbia, na mzinga wa Verne uliitwa Columbiad. Walipokuwa njiani kurudi, nahodha wao, Neil Armstrong, alikitaja kitabu cha Verne katika maneno aliyowaambia watu wa dunia kwa redio na televisheni.

Mtu aweza kudhani kwamba Verne alikuwa nabii. La, hakuwa. Aliichagua Florida kwa sababu alifanya hesabu: tufe lilipaswa kupigwa kutoka mahali ambapo mwezi hupita juu ya utosi, na katika nchi ya Marekani ni sehemu za kusini tu zinazofaa. Wamarekani wa 1969 waliichagua Florida kwa sababu zilizo jirani na hizo: ni kusini, ambako dunia inazunguka kwa kasi zaidi na kukipa chombo msukumo wa bure, na upande wa mashariki iko bahari, ambako roketi ikiharibika haianguki juu ya nyumba za watu. Aliyefanya hesabu vizuri na aliyefuata baadaye walikutana mahali pamoja.

TUIFANYE HESABU SISI WENYEWE

Hata hivyo safari ya Verne isingewezekana, na jambo hili mwanafunzi yeyote wa kidato cha tatu aweza kulithibitisha kwa kalamu yake.

Ili kitu kiuache mvuto wa dunia, hutakiwa mwendo wa mita 11,000 hivi kila sekunde. Verne aliujua mwendo huo. Mzinga wake ulikuwa na futi 900, yaani mita 274. Basi tufe lianze kwa kusimama, na mwisho wa mita 274 liwe na mwendo wa mita 11,000 kwa sekunde. Je, kasi iliongezeka kwa kadiri gani? Zidisha 11,000 kwa 11,000, upate 121,000,000. Gawanya kwa urefu wa mzinga mara mbili, yaani 548. Jibu ni mita 220,000 na zaidi, kila sekunde katika kila sekunde. Mvuto wa dunia ni mita 9.8 tu. Kwa hiyo abiria alisukumwa kwa nguvu ipitayo uzito wake mara 22,000. Mwanafunzi wa kilo 60 angejiona ana uzito wa tani zaidi ya 1,300, na hayo yote katika sehemu ya ishirini ya sekunde moja. Verne aliweka maji chini ya sakafu ili kupunguza kishindo. Ndugu zangu, maji hayo yasingefaa kitu. Abiria wangekuwa uji kabla tufe halijatoka mdomoni mwa mzinga.

Je, tukiurefusha mzinga? Tuseme mtu aweza kuvumilia nguvu ya mara 4 hivi ya mvuto wa dunia, yaani mita 40. Gawanya 121,000,000 kwa 80. Mzinga utataka urefu wa mita 1,500,000, ndizo kilomita 1,500. Utapita njia yote ya kutoka Mombasa mpaka Kampala, na bado utasalia. Hakuna fundi awezaye kuufua.

Hapa ndipo waliokubali hoja yetu wangesema, "Mnaona? Hadithi imedanganya." Lakini tazameni ilivyofanya kazi. Hesabu hiyo haimo katika hadithi, nasi tumeifanya kwa sababu ya hadithi. Na mara tu tunapoona kwamba mzinga hauwezekani, swali jipya linazaliwa: Je, kuna njia ya kumsukuma mtu kidogo kidogo kwa muda wa dakika kadhaa, bila mzinga wenyewe? Kwa kadiri ya mita 40, zatosha dakika 4 na nusu. Chombo gani chaweza kujisukuma chenyewe kwa dakika 4 na nusu mahali pasipo na barabara wala hewa?

WASOMAJI WATATU

Swali hilo liliwashika watu watatu katika nchi tatu, kabla mmoja hajamjua mwenzake.

Wa kwanza ni Konstantin Tsiolkovsky, Mrusi, aliyezaliwa 1857. Alipokuwa na umri wa miaka 10 aliugua, na masikio yake yakaharibika karibu kabisa. Shule ikamshinda kwa sababu hiyo. Alijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya maktaba huko Moscow, akawa mwalimu wa hesabu katika miji midogo, Borovsk na baadaye Kaluga. Yeye mwenyewe alieleza kwamba hadithi za Verne ndizo zilizomwelekeza kwenye fikira za safari za angani. Mwaka 1903 alitoa makala iliyoonyesha kwamba roketi ndiyo jibu. Roketi hutupa moshi wake nyuma, na moshi huo huisukuma mbele, wala haihitaji hewa ya kuegemea. Alionyesha pia kadiri ya mafuta yatakiwayo. Moshi ukitoka kwa kilomita 3 kwa sekunde, basi ili kufikia kilomita 11, roketi ya tani 39 itafikisha tani 1 tu; zilizobaki zote ni mafuta ya kuchomwa njiani. Kwa sababu hiyo baadaye alitoa shauri la kufunga roketi kadhaa pamoja kama behewa za gari moshi, kila moja ikiisha mafuta iachwe. Roketi ya mwaka 1969 ilijengwa kwa kanuni hiyo. Ilipoondoka ilikuwa na uzito wa tani zaidi ya 2,800, na sehemu iliyorudi na watu ilikuwa na tani 5 hivi.

Wa pili ni Robert Goddard, Mmarekani. Yeye alisoma kitabu cha Mwingereza H. G. Wells juu ya watu wa Mirihi walioishambulia dunia. Tarehe 19 Oktoba 1899, akiwa kijana wa miaka 17, alipanda mti wa mcheri nyuma ya nyumba yao ili akate matawi yaliyokauka, na huko juu akaanza kuwaza jinsi chombo kingeweza kujengwa cha kufika Mirihi. Aliikumbuka siku hiyo kila mwaka maisha yake yote. Mwaka 1920 gazeti la New York Times lilimcheka, likasema kwamba roketi haiwezi kwenda mahali pasipo na hewa, na kwamba hata wanafunzi wa shule wanajua hayo. Tarehe 16 Machi 1926 aliwasha roketi ya kwanza duniani iliyotumia mafuta ya maji. Iliruka kwa sekunde 2 na nusu, ikafika juu mita 12, ikaanguka katika shamba la kabichi. Gazeti lile lilisahihisha maneno yake tarehe 17 Julai 1969, siku moja baada ya Apollo kuondoka. Goddard alikuwa amekufa miaka 24 iliyopita.

Wa tatu ni Hermann Oberth, aliyezaliwa 1894 katika nchi ambayo leo ni Rumania. Alikisoma kitabu cha Verne akiwa mtoto wa shule, akakirudia mara nyingi, kisha akafanya hesabu ile ile tuliyoifanya juu, akaona kwamba abiria wangekufa. Aliandika juu ya roketi ili apate shahada ya udaktari, walimu wa chuo wakaikataa. Mwaka 1923 akaitoa kama kitabu. Mwaka 1929 alisaidia kutengeneza sinema ya Kijerumani juu ya safari ya mwezini. Ni katika sinema hiyo watu walionyeshwa hesabu ya kurudi nyuma, sita, tano, nne, mpaka sifuri, kabla roketi haijaondoka. Desturi hiyo ambayo leo kila mtu anaijua ilionekana katika sinema kwanza.

Watu hawa watatu hawakuyasadiki yote waliyoyasoma. Walipokea swali, wakayakataa majibu, wakatafuta mengine. Hiyo ndiyo faida ninayoisema.

HATARI YAKE

Sitaki kuficha upande wa pili. Hadithi za namna hii zaweza kumfundisha kijana kwamba maendeleo huja yenyewe, kama mvua za masika, na kwamba kila chombo kipya ni baraka. Habari za roketi zenyewe zinakanusha hayo.

Kijana mmoja Mjerumani, Wernher von Braun, alikipenda kitabu cha Oberth, akataka kwenda mwezini. Lakini fedha zilikuwa kwa jeshi. Roketi kubwa aliyoijenga, V-2, ilianza kuangukia London mwezi wa Septemba 1944. Zilitengenezwa chini ya mlima, na waliofanya kazi ni wafungwa wa kambi ya Dora, ambao walikufa maelfu kwa njaa, ugonjwa na mapigo. Baada ya vita Wamarekani walimchukua von Braun, na ndiye aliyeongoza kazi ya roketi iliyowapeleka watu mwezini.

Katika kitabu cha Verne, mafundi wa mizinga waliacha vita wakageukia mwezi. Katika dunia ya kweli, watu waliotaka mwezi walipitia vitani kwanza. Verne alilijua jambo la mwendo, la Florida na la watu watatu. Jambo la wafungwa wa chini ya mlima hakuliwaza. Basi mwanafunzi anayesoma hadithi ya chombo kipya na aongeze maswali mawili: Nani analipa gharama yake? Na nani anafanya kazi ya kukijenga?

WALIOACHWA CHINI WAKITAZAMA JUU

Liko jambo jingine linalotuhusu sisi zaidi. Kitabu cha kwanza kilichompatia Verne sifa kilitoka mwaka 1863, nacho ni safari ya wiki tano katika puto juu ya Afrika. Safari hiyo inaanza Unguja! Puto linapita juu ya bara, linafika ziwa kubwa la Nyanza, linaufuata mto unaotoka kaskazini mwa ziwa, na abiria wanathibitisha kwamba ndio Nili. Wakati huo Speke alikuwa amekwisha kusimama hapa kwetu Jinja, Julai 1862, lakini habari zake hazijafika Ulaya. Kwa mara nyingine Verne alikuwa amepima vizuri.

Lakini watu wa nchi wanafanya nini katika kitabu hicho? Unguja wanaona hasira, wakidhani puto linakwenda kuwadhuru jua na mwezi wanaoviabudu. Kaze, karibu na Tabora ya leo, wanadhani puto ndilo mwezi na abiria ni wana wa mwezi. Kisha mwezi wenyewe unapochomoza inakuwa ghasia. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini kwa muda. Waunguja walikuwa Waislamu, waliohesabu miezi kwa kuandama kwa mwezi, na manahodha wao walisafiri usiku kwa nyota. Wakulima wa pwani na wa bara walijua majira kwa nyota za Kilimia. Wanyamwezi wa Kaze walikuwa wapagazi na wafanyabiashara waliozijua njia za bara mpaka pwani. Mtu aliyefanya hesabu kwa uangalifu mkubwa juu ya hewa ya puto hakufanya uangalifu huo juu ya watu waliokuwa chini yake.

Wengine wangesema, basi tukitupe kitabu. Mimi nasema tukisome, kisha tukijibu. Na majibu yamekwisha kuanza. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setelaiti ilirushwa na Waitaliani kutoka jukwaa lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilikuwa setelaiti ya Wamarekani, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Pwani ile ilichaguliwa kwa sababu iko karibu na Ikweta, ambako dunia inazunguka kwa kilomita 1,670 kwa saa, ule msukumo wa bure tuliousema. Uhuru ilikuwa ya kwanza kufanywa kwa kazi moja tu ya kutafuta miale ya eksirei inayotoka katika nyota, nayo ikaonyesha mahali 339 inakotoka. Mwaka 2018 ilitoka setelaiti ndogo ya Kenya, na mwaka 2019 ya Rwanda. Tarehe 2 Desemba 2022 ilitoka ya kwetu Uganda, PearlAfricaSat-1, ambayo wahandisi watatu Waganda waliijenga walipokuwa wakisoma huko Kyushu, Japani. Ilikuwa kisanduku cha sentimita 10 tu kila upande. Kidogo, naam, lakini roketi ya Goddard nayo ilianguka katika kabichi.

Na kwa upande wa vitabu, Katama Mkangi wa Kenya alitoa riwaya yake Walenisi mwaka 1995. Mtu aliyehukumiwa kufa anatiwa katika chombo na kurushwa angani. Chombo kinamfikisha katika nchi ya watu wanaoishi kwa haki. Jina la nchi hiyo ukilikata vipande, lasema "wale ni sisi". Verne aliwaza chombo. Mkangi aliwaza watu watakaokishukia.

USHAURI WANGU

Kwa wadogo zangu wa kidato cha kwanza na cha pili: someni hadithi hizi, lakini kalamu iwe karibu. Mwandishi akitaja mwendo, uzito au umbali, simameni, pigeni hesabu. Akikosea, mmepata somo la Fizikia ambalo hamtalisahau. Akiwaeleza watu wa nchi fulani, ulizeni kama amewapima kwa uangalifu ule ule aliovipima vyombo vyake.

Kwa wenzangu wa madarasa ya juu: tuandike. Tunalo ziwa, tunao mto, tunao umeme unaokatika na mvua isiyofika kwa wakati. Mtu akiuliza "itakuwaje?" juu ya mambo haya, swali lake litamwingia mtoto fulani, naye baada ya miaka thelathini atalijibu kwa hesabu.

Na ninyi wanafunzi wa zamani mliotutangulia, ombi letu ni dogo. Rafu ya vitabu vya hadithi katika maktaba yetu ni moja, nayo haijajaa. Vitabu vya namna hii ambavyo watoto wenu wamekwisha kuvisoma, vileteni siku mjapo kututembelea. Kimoja kikimfikia mtoto mwenye swali, hakitakuwa kimepoteza wakati wa mtu.

— Mwanafunzi wa Kidato cha Sita